Mikono, maji na macho ya mtoto: maisha ya Dk. Robert Koch

Mama, mtoto wako ameamka asubuhi na kope zimegandana kwa tongotongo. Jicho ni jekundu, analia na anajikuna. Unafanya nini kwanza?

Wengi wetu hushika pembe ya khanga, tukaitia mate kidogo na kumfuta. Jirani naye huja na dawa ya matone iliyobaki kwa mwanawe mwaka jana. Bibi hushauri maziwa ya mama. Kila mmoja ana nia njema, lakini nia njema haizuii jicho kuharibika. Ukiwa Mbwera, au kijiji kingine cha delta ya Rufiji, jambo hili ni zito zaidi. Kufika hospitali ya wilaya Kibiti ni safari ya boti kwanza na gari baadaye, na boti nayo husubiri maji yajae. Unachokifanya nyumbani katika saa za mwanzo kinaweza kuokoa jicho au kulipoteza.

Leo tunakusimulia maisha ya daktari mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Anaitwa Robert Koch. Yeye ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kwamba kijidudu fulani huleta ugonjwa fulani. Alifika pia kwetu, Dar es Salaam na Amani, na katika visiwa vya Ziwa Victoria. Alifanya mema mengi, na alifanya kosa moja kubwa lililowagharimu watu macho yao. Yote mawili yana somo kwako.

Daktari wa wilaya na jicho la ng'ombe

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, mji wa machimbo ya madini. Baba yake alifanya kazi machimboni, na nyumba ilikuwa na watoto 13. Alisoma udaktari katika chuo cha Göttingen akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja wa kike, Gertrud.

Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Mchana alitibu wagonjwa, na kazi ya uchunguzi aliifanyia nyumbani, kwa hadubini aliyozawadiwa na mkewe.

Wafugaji wa eneo lile walikuwa wakipoteza ng'ombe na kondoo kwa kimeta. Koch alitaka kukiona kijidudu cha ugonjwa huo kikikua nje ya mwili wa mnyama. Lakini angekilisha nini? Alichukua majimaji yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe aliyechinjwa, akaweka tone lake juu ya kioo, akalitia kipande kidogo cha kiungo chenye ugonjwa, akakiweka mahali pa joto. Kisha akaketi kwenye hadubini. Vijidudu vilirefuka vikawa kama nyuzi, na ndani ya nyuzi zile vikatengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Mwaka 1876 aliwaonyesha mabingwa wa chuo cha Breslau kazi hiyo, nao wakakubali.

Tulia kidogo hapo, mama. Alipotafuta shamba zuri la kuoteshea vijidudu, Koch alilipata ndani ya jicho. Jicho lina ulinzi mzuri kwa nje: kope, machozi, na kioo cha mbele kilicho kizima. Ulinzi huo ukitobolewa, ndani kuna majimaji na ujoto, na vijidudu hustawi haraka.

Ndiyo maana jicho lililochomwa na ndoano, mwiba wa samaki, kijiti cha mkoko au sindano ya kushonea nyavu ni dharura. Usilikamue. Usivute kitu kilichochoma. Usilioshe wala kulitia kitu chochote. Lifunike bila kuligandamiza, kwa mfano kwa kikombe kisafi kilichoshikiliwa kwa kitambaa kuzunguka kichwa, na mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje uone kama litapona lenyewe.

Jiko lililosaidia maabara

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi ya serikali ya afya. Huko alihitaji njia ya kuotesha kila aina ya kijidudu peke yake, visichanganyike. Alijaribu vipande vya viazi vilivyochemshwa. Akajaribu jelatini, lakini ilikuwa ikiyeyuka kwa joto. Jibu lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa akigandisha vyakula vyake kwa aga, unga utokanao na aina fulani za mwani wa baharini. Alishauri wautumie, na kweli uligandisha bila kuyeyuka. Msaidizi mwingine, Julius Petri, akabuni kisahani chenye kifuniko mwaka 1887. Aga na kisahani hicho vinatumika mpaka leo katika maabara za hospitali zetu.

Ukigusisha kidole kwenye kisahani chenye aga na ukakiacha mahali pa joto, baada ya siku moja au mbili utaona madoa madogomadogo yameota pale ulipogusa. Kila doa ni maelfu kwa maelfu ya vijidudu. Kidole kilionekana safi. Kidole hichohicho ndicho kinachofuta jicho la mtoto.

Kwa njia hizo, tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu. Siku hizo watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi. Tangu hapo ikajulikana kuwa unaambukizwa, na kwamba kinachoambukizwa kinaweza kuzuiwa. Hadi leo Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe 24 Machi.

Macho mekundu ya Misri

Mwaka 1883 kipindupindu kiliingia Misri, na Koch akatumwa Alexandria. Huko, mbali na kipindupindu, aliona watu wengi, hasa watoto, wenye macho mekundu yanayotoa usaha. Akachukua usaha ule akauweka chini ya hadubini. Aligundua kwamba ugonjwa wa macho ule haukuwa wa aina moja. Katika macho mengine aliona vijiti vidogo sana. Miaka michache baadaye daktari John Weeks wa New York aliviotesha, na ndiyo maana bakteria hao waliitwa kwa majina yao mawili, Koch na Weeks. Katika macho yaliyoumwa vibaya zaidi aliona vijidudu vinavyofanana na vya kisonono.

Kwako wewe mlezi, hili lina maana kubwa. Macho mekundu si ugonjwa mmoja, na dawa yake si moja.

- Mengine huletwa na virusi. Jicho hutoa machozi mengi, huwasha, na mara nyingi huanza moja kisha la pili. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na kwingineko nchini. Hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili, na dawa za bakteria hazisaidii.
- Mengine huletwa na bakteria. Usaha ni mzito, wa njano au kijani, na kope hugandana. Mtoa huduma ya afya anaweza kukupa dawa ya tyubu au matone.
- Mengine ni mzio wa vumbi, moshi au chavua. Macho yote mawili huwasha sana, na hayaambukizi.
- Mengine ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Husambazwa na mikono, vitambaa na nzi. Ikirudiarudia kwa miaka, kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho mpaka likapofuka.

Aina zinazoambukiza husafiri kwa njia zilezile: kidole, khanga, taulo, mto wa kulalia, nzi. Mtoto mwenye macho mekundu awe na kitambaa chake peke yake.

Mtoto mchanga hasubiri

Vile vijidudu vya kisonono alivyoviona Koch vinaweza kumwingia mtoto wakati wa kuzaliwa, akipita kwenye njia ya uzazi ya mama aliyeambukizwa bila kujua. Zamani huko Ulaya, watoto wengi waliolelewa katika shule za wasioona walipofuka kwa sababu hiyo. Mwaka 1880 mkunga bingwa wa Leipzig, Carl Credé, alianza kuwatia watoto wote wachanga tone la dawa ya fedha machoni, na ugonjwa ukapungua sana katika hospitali yake.

Leo mtoto hupakwa dawa ya macho ya tetrasaiklini mara tu baada ya kuzaliwa. Haiumizi. Ukijifungulia kituoni, muulize mkunga kama mwanao amepakwa. Ukijifungulia nyumbani au botini njiani, mpeleke mtoto kituoni haraka, na hili ulitaje.

Mtoto aliye chini ya siku 28 mwenye macho yaliyovimba na kutoa usaha ni dharura. Kisonono kinaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku moja au mbili. Usianze na maziwa ya mama. Usingoje maji yajae kesho. Tafuta usafiri leo. Wewe na baba wa mtoto mtahitaji matibabu pia, na hiyo si aibu.

Maji yanayoonekana safi

Kutoka Misri, Koch alienda Calcutta, India, na mwanzoni mwa mwaka 1884 akathibitisha kijidudu cha kipindupindu. Mwaka 1892 ugonjwa huo uliingia Hamburg, mji mkubwa wa bandari Ujerumani, ukaua watu zaidi ya 8,000. Jirani kabisa na Hamburg ulikuwapo mji wa Altona. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Altona ilikuwa upande wa chini wa mto, ikipokea maji yaliyokwisha kupita Hamburg. Ungetarajia Altona iumie zaidi. Lakini Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg ilikuwa bado haijaanza kuchuja. Altona iliponea. Kuna mahali ambapo mtaa mmoja tu ndio uliotenganisha nyumba zenye vifo na nyumba zilizo salama.

Wewe unayeishi katika delta unaelewa maana ya kuwa upande wa chini wa mto. Kila kinachotupwa juu hukufikia. Maji ya kisima kifupi au ya mtoni yanaweza kung'aa na bado yakabeba vijidudu. Kwa kunywa, yachemshe. Kwa kusafisha jicho la mtoto, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, na fanya hivi:

1. Nawa mikono yako kwa sabuni na maji yanayotiririka.
2. Chukua pamba au kitambaa kisafi, kichovye kwenye maji hayo.
3. Futa kutoka upande wa pua kwenda nje, mara moja tu.
4. Chukua kipande kingine kwa kila ufutaji, na kwa kila jicho.
5. Pamba zilizotumika zitupe chooni au zichome. Kitambaa kifue kwa sabuni na ukianike juani.
6. Nawa mikono tena.

Koch Dar es Salaam na Visiwa vya Sese

Koch alifika Afrika zaidi ya mara moja. Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini akichunguza sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, wakati nchi yetu ikitawaliwa na Wajerumani, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Alirudi mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa Rufiji. Alifanya kazi Dar es Salaam na Amani huko Usambara, akachunguza namna papasi wanavyoeneza homa. Desemba mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Alikuwa daktari mashuhuri kuliko wengi duniani.

Mwaka 1906 alikwenda Visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Malale ilikuwa imewaua watu wengi mno huko. Koch alifungua kambi katika kisiwa cha Bugala, na wagonjwa wakaja kwa mamia wakitafuta kupona. Aliwachoma sindano ya atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Lakini vijidudu vilirudi katika damu, naye akaongeza dozi.

Dawa ile ilishambulia mshipa unaounganisha jicho na ubongo. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka, na kuona kwao hakukurudi. Walikuwa watu wenye majina na familia, waliokwenda kutafuta uzima, na hakuna aliyewaeleza hatari iliyokuwamo katika sindano ile. Wengine walitoroka kambini. Koch aliacha dozi kubwa, lakini hakuwarudishia macho.

Hakuwa amekosa mara moja tu. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini haikuponya, na wengine walifariki. Baadaye ilifaa kupimia ugonjwa tu. Mtu aliyewafundisha wengine kuthibitisha kila jambo mara hizo alikimbilia dawa kabla ya kuthibitisha.

Mama, hapa ndipo penye uzito wa simulizi hii. Dawa ni kitu chema, lakini jicho halisamehe dawa isiyo yake. Kama bingwa wa Nobel aliweza kupofusha watu kwa dawa aliyoiamini, sisi tusio na kipimo chochote tujihadhari zaidi.

- Usimtie mtoto matone yaliyobaki kwa mtu mwingine. Chupa iliyofunguliwa zaidi ya mwezi mmoja huenda imeingia vijidudu.
- Usinunue matone dukani kwa kukisia. Baadhi yana steroidi. Hufanya wekundu upungue upesi ukadhani mtoto amepona, huku kidonda kikiendelea kula kioo cha jicho. Yakitumiwa muda mrefu huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.
- Usitie machoni majani, tumbaku, mkojo, mate, sukari, asali wala maziwa ya mama.
- Dawa uliyopewa itumie kwa siku zote ulizoambiwa, hata jicho likitulia mapema. Ncha ya chupa au tyubu isiguse jicho.
- Muulize mtoa huduma: hii ni dawa gani, inatibu nini, nirudi lini, na nikiona nini nirudi mapema? Ni haki yako kuuliza.

Kwa binti anayevaa lenzi

Pengine binti yako yuko chuoni Dar es Salaam au anajiandaa kuolewa, na ameanza kuvaa lenzi ndani ya jicho ili aone vizuri, au za rangi kwa ajili ya sherehe. Mfikishie haya. Lenzi ni kisahani kidogo kilicholala juu ya jicho: uchafu ukiingia chini yake, hukaa na kuota.

Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kuzigusa. Azisafishe kwa dawa yake maalumu, na kila siku amwage ya jana na kutia mpya. Asizioshe kamwe kwa maji ya bomba, ya kisima, ya chupa wala kwa mate, kwa sababu majini huishi kimelea kiitwacho akantamiba, kinachokula kioo cha jicho na kutibika kwa shida sana. Azitoe kabla ya kulala, kuoga au kuogelea. Kikasha chake kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Asimwazime rafiki, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, azitoe mara moja na aende kwa mtaalamu wa macho.

Mwisho wa safari ya Koch

Koch alirudi Ujerumani mwaka 1907. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa moyo. Majivu yake yamewekwa katika taasisi ya Berlin inayoitwa kwa jina lake. Watu wa Sese waliopoteza kuona hawana jengo lenye majina yao. Tuwakumbuke kwa kuwa waangalifu na macho ya watoto wetu.

Mpeleke mtoto kituo cha afya leo ukiona:

- usaha au uvimbe machoni kwa mtoto aliye chini ya siku 28;
- jicho linalouma sana, au mtoto anayekataa kulifungua au kutazama mwanga;
- doa jeupe juu ya kioo cha jicho, au mboni inayong'aa nyeupe kama ya paka;
- jicho lililochomwa, kugongwa au kuingiwa na dawa kali;
- mtoto asiyeona vizuri jioni, au anayejikwaa kuliko zamani;
- macho mekundu yasiyopata nafuu baada ya siku tatu.

Dawa kali au chokaa ikiingia jichoni, usingoje. Mwagia jicho maji safi mengi kwa nusu saa, kisha ondokeni. Hapo peke yake maji yoyote safi uliyonayo yanafaa, kwa sababu kuchelewa ni hatari kuliko maji.

Leo, kabla ya jua kuzama, fanya jambo moja tu. Weka sabuni na kibuyu au ndoo yenye bomba karibu na mlango, na umpe kila mtoto kitambaa chake cha uso.